Mapatano ya Lutobo na Wapagazi wa Ziwa Viktoria, 1916

Askari akaaye katika jeshi lake mwenyewe hula katika ghala ya serikali yake, hulala katika hema ya serikali yake, na augukapo hutibiwa na tabibu wa serikali yake. Ofisa atumwaye kukaa katika jeshi la taifa jingine hana hata moja katika hayo. Yeye ni mgeni mwenye upanga. Hema yake, posho yake, mpishi wake na mtu wa kulichukua sanduku la barua zake ni vitu vya kupewa na wale waliompokea, na muda wake ni wa miezi, si wa miaka. Huitwa ofisa wa uhusiano. Kazi yake ni kuwa ulimi na sikio: huwaeleza waliompokea nia ya wakubwa wake, na huwaandikia wakubwa wake hali ya waliompokea. Hana kikosi cha kuamuru. Mali yake ni ahadi tu, na ahadi ni mali iishayo thamani upesi isipolipwa.

Katika vita vya 1914 hata 1918 maofisa wa namna hii walikuwa wengi huko Ulaya. Katika nchi za Ziwa Viktoria walikuwa wachache, lakini huko ndiko ilikodhihirika zaidi ni nani hasa aliyezilipa ahadi zao.

Vita vilipoingia, Agosti 1914, Mwanza ulikuwa mji wa ajabu kidogo. Boma lilikuwa la Wajerumani, au Wadachi kama watu wa zamani walivyopenda kuwaita, lakini njia yake ya kwenda baharini ilikuwa ya Waingereza. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo ngozi, karanga, mpunga na pamba za pande hizo zilivuka ziwa kwa meli kwenda Kisumu, na kutoka huko kwenda Mombasa. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wala haikuugusa mji wa Mwanza. Basi Mwanza ulikuwa wa Wajerumani kwa bendera na wa Kisumu kwa biashara. Vita viliikata kamba hiyo kwa siku moja. Meli kubwa zote zilikuwa za Waingereza. Wajerumani walibaki na vyombo vidogo, kimoja kikiitwa Mwanza kwa jina la mji wenyewe. Juni 1915 Waingereza walivuka kutoka Kisumu wakaushambulia mji wa Bukoba, wakauvunja mnara wa simu ya upepo, wakautia mji katika uporaji, kisha wakarudi walikotoka. Kuteka na kukaa lilikuwa jambo jingine, na kwa jambo hilo walihitaji mshirika.

Mshirika huyo alikuwa Ubelgiji, dola ambayo wakati huo karibu haikuwa na nchi. Wajerumani walikuwa wameikalia, na serikali yake ilikuwa ikikaa ugenini katika mji wa Le Havre, Ufaransa. Lakini ilikuwa na Kongo, na katika Kongo ilikuwa na askari. Wajerumani walikwisha kulishambulia pwani la Kongo katika Ziwa Tanganyika mnamo Agosti 1914, na mwezi uliofuata walikitwaa kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Kwa hiyo Wabelgiji hawakukosa kisa. Walichokosa ni njia. Jemadari wao, Charles Tombeur, alikusanya majeshi mashariki ya Kongo, mbali sana na mlango wa mto ule, na hapakuwa na namna ya kuyalisha na kuyapa risasi kwa kupitia misitu yote ile. Njia iliyo rahisi ilikuwa ni ya Waingereza: shehena ishuke Mombasa, ipande reli hata Kisumu, ivuke ziwa kwa meli hata bandari ya Bukakata, kisha ipite Masaka na Mbarara kuielekea mipaka ya Rwanda. Kutoka Mombasa hata Bukakata kazi ilikuwa ya moto na chuma. Kutoka Bukakata kwenda mbele ilikuwa ya ng'ombe na binadamu.

Tarehe 6 Februari 1916, mahali paitwapo Lutobo, kusini magharibi ya Uganda, Tombeur alikutana na Gavana wa Uganda, Sir Frederick Jackson. Mkutano ule haukuwa wa kupanga mapigano. Ulikuwa wa kupanga uchukuzi. Serikali ya Uganda ilikubali kuwapa Wabelgiji wapagazi 5,000 na magari 100 ya kukokotwa na ng'ombe, ili kikosi cha kaskazini cha Kanali Molitor kipate kuingia Rwanda kutoka upande wa Uganda. Ukiyasoma mapatano hayo kwa haraka, utadhani ni ukarimu wa jirani kwa jirani. Gavana hakuwa na wapagazi 5,000 katika ghala yake. Alikuwa na machifu, na machifu walikuwa na watu.

Hapa yafaa kusimama kidogo na kupiga hesabu, kwa maana vita vya Afrika ya Mashariki havifahamiki bila ya hesabu hii. Chukua mzigo wa mpagazi kuwa ratili 50, na posho yake ya kutwa kuwa ratili 2 za unga au mchele. Mtu huyo huumaliza mzigo wake mwenyewe kwa siku ishirini na tano. Akitumwa mwendo wa siku kumi na mbili na asipate chakula njiani, humfikia askari akiwa na ratili ishirini na sita, na katika hizo ishirini na nne ni za kumrudisha alikotoka. Askari hubakiwa na ratili mbili, chakula cha siku moja. Hii ndiyo sababu magari ya ng'ombe yalitakiwa sana, na ndiyo sababu pia yalipokwama au ng'ombe wake walipokufa kwa mbung'o na maradhi, mzigo ulirudi kichwani pa mtu. Na hii ndiyo sababu kila jeshi lililopita, liwe la Wajerumani, la Wabelgiji au la Waingereza, lilikula mashamba na mifugo ya watu wa nchi, kwani chakula pekee kisichohitaji mpagazi ni kile kilichokwisha kuwapo mahali jeshi lilipofika.

Wapagazi wa Lutobo walipewa jina la Carbel, neno lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya wapagazi wa Wabelgiji. Jina lenyewe lina hadithi: watu hawa walikusanywa na serikali moja, wakalishwa na kuamriwa katika jeshi la serikali nyingine, wala hawakuwa kwao katika yo yote. Wengi walitoka Buganda, nchi ya migomba. Walitoka katika joto la kando ya ziwa wakapanda milima ya baridi wakiwa na nguo haba. Walitoka katika chakula cha ndizi wakapewa unga na maharagwe ambayo mara nyingi hayakupikwa yakaiva, kwa kuwa jeshi liendalo halingojei chungu. Kuhara damu na homa ya mapafu viliwaua kuliko risasi. Idadi ya walioandikwa ilipanda kutoka 5,000 za mapatano hata kupita 8,400, na katika hao zaidi ya 1,100 walikufa. Mamia wengine walipotea, wasijulikane kuwa walikufa au walitoroka. Na kutoroka kulikuwa namna ya kujibu mapatano ambayo mtu hakuulizwa. Katika barua za maofisa huitwa uvivu au woga. Mpagazi aliyekwisha kuona wenzake wakizikwa kando ya njia angeliita akili.

Juu ya mabega hayo Molitor aliingia Kigali tarehe 6 Mei 1916. Kikosi cha kusini, chini ya Olsen, Mdenmarki aliyekuwa katika utumishi wa Wabelgiji, kilifika Nyanza, makao ya Mwami, katika mwezi ule ule. Juni 24 Molitor alikuwa Biharamulo, na mwanzo wa Julai askari wake walipigana na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Bukoba, karibu na pembe ya kusini magharibi ya Ziwa Viktoria. Sasa majeshi mawili ya washirika yalitazamana juu ya maji yale yale, na ikawa lazima wasikilizane.

Watu waliopewa kazi ya kuwasikilizanisha wastahili kutazamwa. Mmoja alikuwa Ewart Grogan, mlowezi wa Kenya, aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Afrika ya Kusini hata Misri mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Katika safari ile alipita Kivu na Mfumbiro, na kwa sababu hiyo alionekana kuwa mtu wa kufaa kukaa na Wabelgiji kama ofisa wa uhusiano. Alizijua njia, milima na maziwa. Lakini ni Grogan huyo huyo ambaye mwaka 1907 aliongoza kundi la Wazungu kuwachapa viboko Waafrika watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, akafungwa kwa tendo hilo kifungo chepesi. Serikali ilipotafuta mtu wa kuleta imani baina ya majeshi mawili ya Wazungu, haikuona kuwa jambo la 1907 lilikuwa dosari. Na kwa kazi iliyotakiwa, labda halikuwa: imani iliyohitajika ni ya watu wa mezani, si ya watu wa njiani.

Wa pili alikuwa Sir Charles Crewe, mwanasiasa wa Afrika ya Kusini na mwenye gazeti katika mji wa East London. Jemadari Smuts, aliyeshika uongozi wa majeshi ya Waingereza mwaka 1916, alimtuma kwanza kwa Tombeur kama mjumbe wa kupatanisha mipango na mahitaji. Kisha, katika Juni, alimpa amri ya kikosi cha ziwa. Hapo pana kosa ambalo wanahistoria wa vita hupita juu yake upesi. Mtu aliyekuwa mpatanishi alifanywa kuwa mshindani. Jana alikuwa akiwaahidi Wabelgiji uchukuzi. Leo yeye mwenyewe ana askari wa kulisha, na kila mpagazi ampaye Molitor ni mpagazi aliyejinyima.

Kisiwa cha Ukerewe kilikuwa kimekwisha kutwaliwa katika siku za kwanza za Juni. Thamani yake haikuwa boma wala mizinga, bali mpunga, kwani Wajerumani wa Mwanza walikuwa wakila huko. Julai meli za Waingereza zilishusha askari mashariki ya Mwanza, na tarehe 14 Julai 1916 waliingia mjini. Hawakukuta vita vikubwa. Wajerumani walikuwa wameondoka kuelekea kusini kwa njia ya Tabora, wakiacha nyuma vyombo vyao vya ziwani na mzigo wote uliokuwa mzito kuliko haraka yao. Wao nao walichukuliwa na wapagazi.

Tangu siku ile Mwanza uligeuka. Mji uliokuwa mwisho wa njia ukawa mwanzo wa njia. Meli zilitoka Kisumu na bandari za Uganda zikashusha unga, risasi, dawa na askari. Na kutoka ufukoni vitu hivyo vilipaswa kwenda kusini, siku nyingi za mwendo, kupita Usukuma na Unyamwezi, katika wakati wa kiangazi ambapo visima vingi ni vya tope. Kikosi cha Crewe kilikuwa na njia yake, na Molitor alikuwa na yake upande wa magharibi, naye alikuwa akitegemea uchukuzi wa Waingereza kwa kuwa ghala zake zilikuwa zimebaki mbali nyuma, katika njia ya Rwanda. Lililowezekana kwa meli lilitendeka. Lililohitaji vichwa vya watu lilichelewa, na kuchelewa kulizaa barua, na barua zilizaa uchungu.

Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri kabla ya Mzungu wa kwanza kuliona ziwa. Babu zao walichukua pembe hata pwani, wakarudi na nguo. Kwa kijana wa karne ya kumi na tisa safari ya pwani ilikuwa karibu na jando: aliyerudi aliheshimiwa, akaoa. Ilikuwa kazi yenye mkataba, yenye kiongozi wa kuchaguliwa, yenye ngoma na majina ya kujisifu. Serikali zilizopigana mwaka 1916 ziliikuta sifa hiyo, zikaidhani kuwa ni maumbile, kana kwamba Mnyamwezi amezaliwa na mzigo kama kobe na gamba lake. Hazikuona kuwa mpagazi wa zamani alichagua msimu wake, akaenda wakati wa kiangazi baada ya mavuno, akarudi kabla ya mvua. Mpagazi wa vita alichukuliwa msimu wo wote. Mtemi aliletewa hesabu ya watu watakiwao, naye alikuwa na hiari mbili: kuwatoa, au kuonekana kuwa rafiki wa adui aliyeondoka. Na akumbuke msomaji kuwa mtemi yule yule alikuwa amekwisha kuwapa Wajerumani watu kwa miaka miwili kabla ya hapo.

Yapo maneno ya kusema kuhusu lugha, ijapokuwa wanavita hawakuyatilia maanani. Maofisa wa Kibelgiji waliandika Kifaransa, wa Kiingereza waliandika Kiingereza, na ofisa wa uhusiano alisimama katikati ya hizo mbili. Lakini barua ilipokwisha kusomwa, jambo lilipaswa kutendwa, na kulitenda kulihitaji Kiswahili. Askari wa King's African Rifles waliamriwa kwa Kiswahili. Mashariki ya Kongo Kiswahili kilikuwa kimeenea tangu enzi ya Tippu Tip, katika namna yake iitwayo Kingwana. Serikali ya Wajerumani ilikuwa imekitumia maboma yote, hata maakida na makarani wa Mwanza walikiandika. Basi majeshi matatu yaliyogombea nchi moja yalidai mahindi na watu kwa lugha moja. Neno posho, neno safari, neno mzigo, yote yalifahamika kutoka Kivu hata Kisumu. Waliokuwa na shida ni Waganda wa Carbel, ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya kwao, wakawa wageni kwa chakula, kwa baridi na kwa maneno pia.

Shabaha ya wote ilikuwa Tabora, mji mkuu wa bara na kituo cha reli. Serikali ya Ubelgiji, na hasa waziri wake wa makoloni, Jules Renkin, haikutaka Tabora kwa ajili ya Tabora. Ilitaka kuwa na nchi mkononi siku ya kufanya amani, ipate kuibadilisha kwa kitu kingine, na walichokitamani zaidi ni ukingo wa kusini wa mlango wa Mto Kongo, uliokuwa wa Wareno. Waingereza waliyafahamu hayo na hawakuyapenda. Kwa hiyo msaada wa uchukuzi ukawa mizani ya siasa. Wabelgiji walishuku kuwa wananyimwa wapagazi ili wasitangulie. Waingereza walinung'unika kuwa Wabelgiji hawashibi. Huenda pande zote mbili zilisema kweli kwa nusu, kwa maana wapagazi wenyewe hawakuwapo wa kutosha hata kama nia zote zingekuwa safi.

Olsen alikuja kwa njia ya reli kutoka Kigoma, Molitor alikuja kutoka kaskazini, na baada ya mapigano makali katika nusu ya kwanza ya Septemba Wajerumani waliuacha mji. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, wakawafungua Wazungu waliokuwa wamezuiliwa humo, wakiwamo wamisionari Waingereza. Kikosi cha Crewe, kilichotoka Mwanza kwa kupita Shinyanga, kiliifikia reli mashariki ya mji siku chache baadaye. Bendera ya Kibelgiji ilikaa Tabora hata Februari 1917.

Mtu angedhani kuwa baada ya uchungu ule washirika hawa hawangeombana tena. Mwaka uliofuata kundi la Wajerumani chini ya Wintgens lilijitenga na jeshi lao likaja kaskazini. Wintgens alipougua na kujitoa, Naumann alilishika, akatembea nalo nchi nzima, akapigana Ikoma, upande wa mashariki wa ziwa, na askari wa Kibelgiji waliokuwa wakimfuata. Waingereza waliomba tena, Wabelgiji wakakubali tena, na Oktoba 1917 walifika hata Mahenge. Mazungumzo yalihusu tena ni nani atakayetoa uchukuzi. Inakadiriwa kuwa kwa vita vyao vyote katika pande hizi Wabelgiji walitumia wapagazi 260,000; kwa upande wa Waingereza hesabu hukaribia milioni moja, na waliokufa ni makumi ya maelfu. Fedha nyingi za mishahara ya waliokufa hazikuwafikia warithi wao. Majina yalikuwa yameandikwa vibaya, au hayakuandikwa, na serikali hazikuona haraka ya kuyasahihisha.

Maofisa walipata haki zao. Grogan alipewa nishani ya DSO mwaka 1917. Crewe alirudi katika siasa za kwao. Tombeur alipewa ubaroni, na neno Tabora likaongezwa katika jina lake, akawa Tombeur de Tabora. Serikali ya Ubelgiji haikuupata mlango wa Mto Kongo, lakini katika mapatano ya Milner na Orts ya 1919 ilipewa Rwanda na Urundi, na kwa mkataba wa 1921 ilipata sehemu zake za bandari Kigoma na Dar es Salaam, zilizojulikana kwa jina la Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Katika mji huo huo wa Dar es Salaam mahali walipopiga kambi wapagazi wa Waingereza pakaitwa Kariakoo, kwa kulitamka jina la kikosi chao. Sanamu ya askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ni ya mtu mmoja mwenye bunduki. Katika ile ya Nairobi mpagazi amo.

Huko Mwanza njia ya kusini iliendelea kuwa ya miguu kwa miaka kadhaa baada ya amani. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na mzigo wa ratili 50 uliokwenda kwa kichwa katika kiangazi cha 1916 ukaanza kutiwa katika behewa.